Kibainishi Kisichokuwapo: Kiambishi cha Yambwa katika Nahau za Kiswahili

Mojawapo ya maswali yanayomsumbua kila mwanafunzi wa Kiingereza katika shule zetu ni lini atumie kibainishi na lini akiache anapokutana na nahau. Kwa nini Mwingereza husema 'take place' bila kibainishi, kisha akasema 'take the place of' pamoja nacho, na maana ikawa nyingine kabisa? Kwa nini 'lose heart' haina kitu, ilhali 'kick the bucket' ina 'the' yake, na hakuna ndoo yoyote inayopigwa teke? Walimu wa Kiingereza wameliandikia swali hili vitabu, nami sina nia ya kuwaingilia katika shamba lao. Ninalotaka kulichunguza ni nusu ya pili ya swali hilo, ambayo sisi walimu wa Kiswahili tumeiacha bila mlinzi. Mwanafunzi huyo huyo anapohamisha nahau kutoka Kiingereza, au anapoandika nahau ya Kiswahili huku sarufi ya Kiingereza ikimnong'oneza, hukipeleka wapi kile kibainishi?

Neno 'kibainishi' ninalitumia hapa kwa maana finyu, yaani maneno ya Kiingereza 'a' na 'the' na mengine yafananayo nayo katika lugha nyingine, kama 'al' ya Kiarabu. Najua wapo wanaolitumia kwa maana pana zaidi.

Jibu la swali letu ni kwamba mwanafunzi hukipachika kibainishi kwenye kitenzi. Katika mazoezi ya tafsiri ambayo wanafunzi wetu wa mwaka wa pili hapa Eldoret huandika kila muhula, nimekutana na sentensi kama 'Wachezaji waliikata tamaa', 'Mshukiwa aliichukua ile sheria mikononi mwake', na hata methali iliyovishwa nguo isiyo yake: 'Usipouziba ufa utaujenga ukuta'. Lau haya yangekuwa makosa ya wanafunzi peke yao, nisingaliandika makala haya. Tatizo ni kwamba makosa haya yana wakili. Mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuja kujiendeleza alinionyesha daftari la mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kijana alikuwa ameandika 'walikata tamaa', nayo kalamu nyekundu ikaongeza irabu moja na kupunguza alama moja. Nilipouliza sababu niliambiwa kwamba katika Kiswahili sanifu yambwa ikitajwa lazima kiambishi chake kiwemo kitenzini. Basi mtoto ambaye alikuwa amepatia ameambiwa amekosa, na tangu siku hiyo ataandika kosa kwa uangalifu mkubwa. Tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, alama za namna hii zimekuwa na uzito katika maisha ya watu.

Kaida hii ilitoka wapi? Haikutoka pwani. Wanaojifunza Kiswahili wakiwa wageni huambiwa mapema kwamba lugha hii haina kibainishi, na papo hapo huambiwa ni vitu gani vinavyoshika nafasi yake. Sarufi ya E. O. Ashton iliyotolewa mwaka 1944, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa mlango wa kuingilia elimu ya Kiswahili vyuoni, ilivitaja viwili. Kwanza, kionyeshi kikitangulia nomino hufanya kazi iliyo karibu na ile ya 'the', kama katika 'yule mtu'. Pili, kiambishi cha yambwa kikiwepo pamoja na nomino yake huonyesha kuwa nomino hiyo ni mahususi: 'nimenunua kitabu' ni kitabu chochote, bali 'nimekinunua kitabu' ni kile tunachokijua mimi na wewe. Ashton alikuwa mwangalifu, na kwa mgeni aliyezoea Kiingereza maelezo yake ni fimbo nzuri ya kutembelea. Lakini kilichoandikwa kwa ajili ya mgeni kilirudi kwa mwenyeji kupitia vitabu vya kiada, na kiliporudi kilikuwa kimegeuka sheria. 'Huonyesha' ikawa 'ni lazima', na 'karibu na' ikawa 'ni sawa na'.

Usawa huo hausimami hata nje ya nahau. Tuanze na viumbe wenye uhai. 'Nilimwona mtu akiruka ua' ni sentensi safi kabisa, na mtu huyo huenda simjui wala msikilizaji hamjui. Hapa kiambishi '-mw-' hakielezi umahususi wowote. Kimewekwa kwa sababu yambwa ni mtu. Benji Wald, aliyechunguza usemi wa Mombasa, alionyesha katika makala yake ya mwaka 1979 kwamba matumizi ya kiambishi hiki yanafungamana na mambo kadhaa kwa pamoja, yakiwemo uhai wa yambwa na nafasi yake katika mtiririko wa mazungumzo. Kitu chenye sababu nyingi hakiwezi kutafsiriwa kwa neno moja. Vivyo hivyo kuhusu kionyeshi. Msimuliaji wa ngano akishamtaja sungura mara moja, ataendelea na 'yule sungura', na hapo kweli anakaribia 'the'. Hata hivyo, hakuna Mswahili anayesema 'lile jua limekuchwa' au 'ile dunia ni mviringo' kwa kuwa tu jua na dunia ni vya pekee. Akisema 'lile jua', anamkumbusha mwenzake jua la siku fulani, labda jua la ukame lililoua ng'ombe. Kionyeshi chetu hunyoosha kidole, hali 'the' haina kidole.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo nilimsikia mhadhiri mmoja akidai kuwa lugha zisizo na kibainishi humwachia msikilizaji kazi ya kubahatisha. Mhadhiri huyo hakuwa amewahi kumsikia nyanya wa Kiswahili akitoa hadithi.

Sasa tuingie katika nahau zenyewe. Kabla ya kuzitazama za kwetu, inafaa tujiulize kama 'the' ya 'kick the bucket' kweli ni kibainishi cha umahususi. Kitu mahususi ni kitu kinachoweza kuulizwa: kipi? kiko wapi? Ukiambiwa kwa Kiingereza kwamba mzee fulani ameipiga ndoo teke, nawe ukauliza ni ndoo ipi, utachekwa, tena mahali pa msiba. 'The' hiyo ni mabaki. Imebaki kama mifupa ya samaki ndani ya jiwe, ambayo umbo lake linaonekana lakini samaki hayumo. Ushahidi mwingine ni kwamba wenye lugha hiyo wenyewe hawakubaliani. Mwingereza mgonjwa yuko 'in hospital', Mmarekani mgonjwa yuko 'in the hospital', na wote wawili wamelala kitandani vile vile. Mwingereza akionya juu ya siku zijazo husema 'in future', Mmarekani ataongeza 'the'. Kama kibainishi katika semi zilizoganda kingekuwa na maana yake kamili, mmoja wa hao angekuwa amekosea, na hakuna anayethubutu kusema hivyo. Mwanafunzi anayebeba 'the' ya nahau na kuitafutia makao katika Kiswahili anatafsiri kitu ambacho hata katika Kiingereza kimekwisha kufa.

Katika Kiswahili hali ni ya kusisimua zaidi. Nomino iliyomo ndani ya nahau, ile iliyoungana na kitenzi kujenga maana moja, haichukui kiambishi cha yambwa. 'Alikata roho' amekufa. 'Aliikata roho' hakuna ajuaye alifanya nini. 'Walikula njama' walipanga uovu. 'Waliila njama' ni sentensi ya mtu anayedhani njama ni chakula. 'Amepiga maji' amelewa. 'Ameyapiga maji' huenda ni mtoto anayecheza kando ya Mto Sosiani. Kiambishi kinapoingia, nomino hufufuka. Tamaa, roho, njama na maji huacha kuwa sehemu za kitenzi na kurudi kuwa vitu vya duniani, na nahau huvunjika. Kwa hiyo lugha yetu inalo jambo linalolingana na kibainishi cha nahau za Kiingereza, nalo ni ukosefu wa kiambishi. Pengo hilo lina maana, na anayelijaza amefuta maana.

Ithibati iliyo wazi kuliko zote imo katika nahau zenye yambwa mbili. Wabunge wetu husema kila wiki 'naiunga mkono hoja hii'. Kiambishi '-i-' ni cha hoja. Mkono, ambao pia ni yambwa ya kitenzi kile kile, umebaki mtupu, na sijasikia hata mbunge asiyekijua Kiswahili akisema 'nauunga mkono hoja hii'. Fundi wa nguo 'huzipiga nguo pasi', wala 'haipigi pasi nguo'. Mpiga picha 'alimpiga bibi harusi picha'. Angekuwa 'aliipiga picha bibi harusi' tungesita. Tazama pia 'aliitia chumvi habari ile'. Habari na chumvi zote mbili ni za ngeli moja, na kimaumbo '-i-' ingaliweza kuwa ya yoyote kati yazo. Hata hivyo hakuna msikilizaji anayesita: '-i-' ni ya habari. Ukitaka kuirejelea chumvi halisi lazima uondoke katika nahau na kuingia jikoni: 'chumvi ameitia yote mchuzini'. Mtu ataweza kunipinga kwamba kitenzi 'tia' kwa kawaida huipa kipaumbele yambwa ya kile kinachotiliwa. Ni kweli, lakini mfano huu wa jikoni unaonyesha kuwa chumvi halisi inaweza kudai kiambishi chake, na chumvi ya nahau haiwezi kamwe.

Viungo vya mwili vina mchezo wao. 'Alimuuma sikio' maana yake alimnong'oneza jambo. '-M-' ni ya mtu, na sikio halina kitu. 'Aliliuma sikio lake' ni jambo la meno. Mwaka 1997 Mike Tyson aliliuma sikio la Evander Holyfield ulingoni, na mtangazaji aliyesema tu kwamba 'Tyson alimuuma mwenzake sikio' angeweza kueleweka kuwa wawili hao walikuwa na siri. Ndivyo ilivyo pia kwa 'alimvunja moyo' na 'alimpa kisogo'. Mwenye moyo na mwenye kupewa kisogo huingia kitenzini, bali moyo na kisogo hukaa nje bila kiwakilishi.

Methali nazo zinatufunza kitu ambacho vitabu vya sarufi vimepita haraka. 'Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.' Tembo lina '-li-' kwa sababu ndilo linalozungumzwa, limewekwa mbele, ni tembo la mgema huyo. Maji hayana kitu kwa sababu ni maji tu. Katika neno moja, 'hulitia', mwenye methali ametenganisha kinachojulikana na kisichohitaji kujulikana, wala hakuazima kibainishi cha mtu. Kinyume chake ni 'Usipoziba ufa utajenga ukuta', ambamo ufa na ukuta vyote havina kiambishi, na ni lazima visiwe nacho, kwani methali inasema juu ya ufa wowote katika nyumba yoyote. Anayesema 'usipouziba ufa utaujenga ukuta' ameishusha methali kutoka kwenye hekima ya watu wote hadi kwenye ripoti ya mkaguzi wa majengo. Kuna ufa, tumeuona, na ule ukuta pale utajengwa upya. Sarufi yake ni sahihi. Methali ndiyo haipo tena.

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani kuwa nahau za Kiswahili hazipendi kiambishi cha yambwa. La hasha. Lipo kundi jingine, kubwa na lenye uhai, ambalo haliwezi kuishi bila hicho. 'Atakiona cha mtema kuni', na ndugu yake 'utakiona cha moto'. 'Ameula', yaani amepata bahati nono, na 'ameula wa chuya', yaani amepata hasara kwa kutofikiri. 'Amelikoroga', naye sharti alinywe. 'Walizichapa' mpaka wakaamuliwa. 'Umezipata?' anauliza jirani mwenye habari moto. Na katika miaka ya karibuni Tanzania imetupa 'kuupiga mwingi', iliyotoka katika mpira wa miguu ikaingia katika siasa. Mwanafunzi akiambiwa achanganue sentensi hizi huuliza, kwa haki, ki-, u-, li- na zi- zinarejelea nini. Katika baadhi tunaweza kukisia: wali kwa ule wa chuya, ngumi kwa zile zilizochapwa, habari kwa zile zilizopatwa, mpira kwa ule uliopigwa mwingi. Ni kitu gani hasa alichokikoroga mtu 'aliyelikoroga'? Jambo? Tope? Na mtema kuni aliona kitu gani? Wazee hutoa majibu mbalimbali, na wingi wa majibu hayo ni dalili kwamba hakuna anayehitaji jibu ili aielewe nahau.

Hapa ndipo ninapoona mfanano wa kweli na Kiingereza. '-Ki-' ya 'kukiona cha moto' ni ndugu wa 'the' ya ndoo ile. Zote mbili zinadai kuwa kuna kitu kinachojulikana, na kitu chenyewe hakipo. Mabaki ya Kiingereza yamekaa mbele ya nomino, yetu yamekaa tumboni mwa kitenzi, na kwa kawaida hukaa humo pale nomino inapokuwa imeondoka. Ukitazama makundi haya mawili kwa pamoja utaona mpangilio ambao sidhani ni wa bahati: nahau yenye nomino yake ya ndani hukataa kiambishi cha nomino hiyo, na nahau yenye kiambishi kilichoganda huwa haina nomino. Jaribu kuirudisha nomino, useme 'walizichapa ngumi' au 'ameula wali', uone jinsi nahau inavyolegea na kuwa maelezo ya kawaida ya masumbwi na mlo.

Mpangilio huu una mipaka, na itakuwa utovu wa uaminifu kuificha. 'Kuaga dunia' ina nomino ndani yake, na bado wasomaji wa tanzia husema 'ameaga dunia' leo na 'aliiaga dunia' kesho, na maana haivunjiki. Nadhani sababu ni kwamba dunia ndani ya nahau hiyo haijapoteza maana yake. Ni dunia hii hii, na anayekufa kweli anaiacha. Nomino iliyobaki na maana yake huvumilia kiambishi, iliyoipoteza haivumilii. Kwa hiyo swali ambalo mwalimu angepaswa kuuliza kabla ya kuchukua kalamu nyekundu si kama yambwa imetajwa, ni kama yambwa ingali hai. Kiapo kiko katikati. 'Alikula kiapo' ndiyo kawaida, 'alikila kiapo' inakwaruza sikio langu, lakini 'kiapo alichokula' kinapita bila kizuizi mahakamani. Kiapo kinaweza kuzungumziwa baada ya kuliwa. Jaribu 'njama walizokula' na utasita kidogo. Jaribu 'roho aliyokata' na utakataa. Maji nayo yana ujanja wake. Nimesema 'ameyapiga maji' huturudisha mtoni. Lakini walevi, ambao ni watumiaji hodari wa lugha, husema bila shida 'maji aliyoyapiga jana yamemlaza mtaroni'. Katika kinywa chao 'maji' limekwisha kuwa jina la pombe, na pombe hiyo inaweza kurejelewa. Nahau imeanza kuzaa nomino. Haya ni mambo ya kupimwa kwa wasemaji, mtaa kwa mtaa, badala ya kukatiwa shauri na mhadhiri mmoja.

Inafaa sasa niseme kwa nini suala hili linajitokeza kwa nguvu katika eneo letu la Uasin Gishu. Ni rahisi kumlaumu Mwingereza kwa kila jambo, lakini wanafunzi wetu wengi huja darasani na lugha nyingine za nyumbani, na lugha hizo hazikukaa kimya. Katika Kinandi nomino ina maumbo mawili. Mtoto ni 'lakwa' katika umbo la kwanza na 'lakwet' katika la pili. Mtu ni 'chi' na 'chito'. Toweett alilijadili jambo hili kwa Kikalenjin katika kitabu chake cha mwaka 1979, na Creider na Creider wakalirudia kwa kina katika sarufi yao ya Kinandi ya mwaka 1989. Umbo la pili ndilo linalosikika kwa kawaida, na Joseph Greenberg alipoandika mwaka 1978 juu ya safari ya vibainishi alieleza namna kionyeshi kinavyoweza kuanza kama kidole, kikawa 'the', kisha kikaenea mpaka kikabandikwa karibu kila nomino na kubaki alama tupu ya nomino. Mwanafunzi wa Kinandi, basi, analeta lugha ambayo nomino kwa kawaida haiendi matembezini bila kofia. Jirani yake wa Kibukusu husema 'omundu', akiwa na irabu ya mwanzo ambayo Kiswahili kimeipoteza. Katika Luganda irabu hiyo hiyo hutoweka mtu akikanusha, 'omuntu' akawa 'muntu', jambo linaloonyesha kuwa ina kazi ya kufanya. Sisemi kwamba Kinandi au Kibukusu ndicho kinachoandika 'waliikata tamaa'. Hilo lingehitaji utafiti mwingine. Ninachosema ni kwamba nomino tupu ya Kiswahili, isiyo na kofia wala irabu, huenda ikawaonea wanafunzi hawa kama nomino iliyosahaulika kuvishwa, na kaida ya kalamu nyekundu huwapa kitambaa cha kuivisha.

Kiswahili chenyewe hakikuwa kigeni kwa vibainishi. Kilipochota maneno kwa Waarabu, mara nyingine kilichota na 'al' yake: alfajiri, alasiri, Alhamisi. Mara nyingine kiliimeza nusu. 'Liwali' ni 'al-wali' iliyopoteza irabu yake ya kwanza, na baada ya hapo Waswahili wakaiona 'li' hiyo kana kwamba ni ya kwao, wakasema 'maliwali'. Hakuna aliyewahi kuwaza kwamba 'alasiri' ni mahususi kuliko 'asubuhi'. Kibainishi kikiingia kwetu huvuliwa cheo na kufanywa silabi.

Watafsiri wetu hodari walilijua hili bila kufundishwa. Mwalimu Nyerere alipomtafsiri Shakespeare mwaka 1969, 'The Merchant of Venice' haikuwa 'Yule Mfanyabiashara wa Venisi'. Ikawa 'Mabepari wa Venisi', kibainishi kikaondoka na umoja ukaondoka nacho, na kilichokuwa kisa cha mtu mmoja kikawa hukumu juu ya tabaka. Mtu anaweza kuugombea uamuzi huo, na wengi wameugombea, lakini hakuna anayeweza kusema kuwa hakuona alichokifanya. Riwaya ya Ayi Kwei Armah ya mwaka 1968 ilikuwa mtihani mgumu zaidi, kwa kuwa jina lake linaanza na kibainishi kilichobandikwa kwenye kivumishi, 'The Beautyful Ones Are Not Yet Born'. Abdilatif Abdalla aliiita 'Wema Hawajazaliwa'. Kiambishi cha ngeli katika 'wema' kimefanya kazi yote ya 'the' na 'ones', na kitenzi kikaipokea. Achebe ndiye aliyepata hasara katika hesabu hii. 'A Man of the People' ni msemo wa Kiingereza wenye vibainishi viwili, na kejeli ya kitabu imo katika msemo huo, kwa sababu mwanasiasa anayesifiwa hivyo ndiye anayewala hao watu. 'Mwakilishi wa Watu' imepata maana ya ofisi na kuipoteza sifa, na sifa ndiyo iliyokuwa uongo. Hata hivyo hasara hiyo isingeliokolewa kwa kuongeza 'yule' au 'wale'. Ingeliokolewa, kama ingewezekana, kwa kutafuta sifa ya Kiswahili ambayo wapiga kura wetu huwapa watu wa namna hiyo, na sifa hizo hazikosekani.

Katika idhaa zetu, tafsiri za papo kwa papo zimekwisha kutuletea 'mwisho wa siku' kwa maana ya hatimaye, na 'kutupa taulo' kwa maana ya kusalimu amri. Sitaki kuzipiga marufuku. Lugha hula chakula cha jirani. Ninachokisikiliza ni jinsi zinavyotamkwa. Anayesema 'timu imetupa taulo' amekwisha kuifanya nahau yetu, kwani ameiacha taulo tupu, naye huenda hajui kuwa msemo ulitoka katika ndondi za Kiingereza. Anayesema 'timu imeitupa ile taulo' bado anatafsiri.

Kwa mwalimu wa shule mambo mawili yanafuata. Nahau ifundishwe nzima, kama kitenzi kimoja chenye vipande viwili, na zoezi la kutia viambishi vya yambwa lisichukue nahau kuwa mifano yake. Kwa Kiingereza vile vile, mwanafunzi asiambiwe kwamba 'the' ya ndoo ina sababu, akaitafuta usiku kucha. Aambiwe ndivyo isemwavyo, aikariri pamoja na ndoo yake. Watahini nao wakubali kuwa 'walikata tamaa' haikosi kitu.

Kwa watunga kamusi kazi ni ngumu zaidi. Nahau zenye nomino hazina shida, kwani 'kata tamaa' hupatikana chini ya 'kata' au chini ya 'tamaa'. Zile zisizo na nomino ndizo zinazotangatanga. Mgeni aliyesikia 'amelikoroga' ataifuata 'koroga' na kukuta uji. Aliyesikia 'ameula' ataifuata 'la' na kukuta chakula, kama hakupotelea kwenye 'ua' ya kuua. Alama inayomwambia kuwa hii ni nahau ni kiambishi, na kamusi imekiondoa kabla hajafika. Katika daftari la darasa langu la mwaka wa tatu tumeanza kuziandika kwa kiambishi chenyewe: chini ya ki- 'kukiona cha moto', chini ya u- 'kuula' na 'kuupiga mwingi', chini ya zi- 'kuzichapa' na 'kuzipata'. Safu ya li- ndiyo inayojaa upesi kuliko zote, na bado hatujakubaliana ni kwa nini.